Jiwe la ureta: pima kwanza, ndipo uandike tamsulosini

Unayeanza zamu ya dharura, usiandike tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya ureta (mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu), kabla hujajua jiwe lina milimita ngapi na limekwama wapi. Picha ya CT isiyo na dawa ya rangi hujibu yote mawili. Ultrasaundi huonyesha figo iliyovimba, ila jiwe la katikati ya ureta mara nyingi halionekani.

Jiwe lisilofika milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe. Huyo mtulize maumivu tu: diklofenaki miligramu 75 kwenye msuli, mradi figo zake ziko sawa na hana vidonda vya tumbo. Kumtundikia dripu mfululizo hakulisukumi jiwe.

Tamsulosini ni ya jiwe la milimita 5 hadi 10 lililo chini, karibu na kibofu, ambako vipokezi vya alfa-1 ni vingi. Vikizuiwa, misuli ya mrija hulegea. Dozi ni miligramu 0.4 kwa siku, hadi wiki 4.

Mtaambiwa haifai kitu, kwa sababu utafiti wa SUSPEND wa Uingereza (2015) uliilinganisha na nifedipini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, na kidonge kisicho na dawa, na katika kila kundi takriban wagonjwa 80 kwa 100 hawakuhitaji tiba zaidi. Lakini mawe mengi humo yalikuwa madogo, yale yanayotoka bila msaada. Utafiti wa Australia wa 2016 ulipoyatazama peke yake yenye milimita 5 hadi 10, yalitoka kwa wagonjwa 83 kwa 100 waliopewa tamsulosini, dhidi ya 61 wasiopewa dawa. Nifedipini iacheni. Silodosini, dawa ya aina moja na tamsulosini, miligramu 8 inafaa pia, ila mwanaume aambiwe mapema kwamba manii yanaweza kurudi kibofuni.

Karatasi ya ndani ya boksi la tamsulosini inazungumzia tezi dume. Mwanamke akiisoma nyumbani bila maelezo yako, dawa ataiacha. Mwambie pia akae kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana presha hushuka. Muulize kama anangoja upasuaji wa mtoto wa jicho, maana dawa hii huuvuruga. Mkojo achuje kwa chujio la chai, jiwe alilete.

Maumivu kuisha si ushahidi kwamba limetoka. Figo iliyoziba huweza kunyamaza huku ikiharibika, kwa hiyo rudia picha. Na mwenye homa au kutetemeka, mwenye figo moja, au aliyeacha kukojoa, hangojeshwi na kidonge: mpigie daktari wa upasuaji wa mkojo saa hiyohiyo, figo izibuliwe kwa stenti (mrija mwembamba unaowekwa ndani ya ureta) au mrija wa kupitia mgongoni.