Pampu ya kamba kwa kisima kirefu: angalia bomba na wasa kabla ya gurudumu

Kama maji ya kisima chako yako chini zaidi ya mita 7, achana na pampu ya kuvuta inayokaa juu. Hata ufunge mota kubwa namna gani, haitayafikia. Pampu ya namna hiyo hupunguza hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Pwani, uzito huo unaishia kama mita 10. Huku kwetu Njombe, tulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mwisho wake ni kama mita 8, tena kwenye hesabu ya karatasi. Nimeona watu wakiuza mbuzi wanunue mota, kisha maji hayapandi na fundi hapokei simu. Inaniuma, maana jambo lenyewe linajulikana kabla hata ya kutoa shilingi.

Kisima cha nyumbani kwetu kimechimbwa kwa mikono, na kiangazi maji yanakuwa mita 24 chini. Tunatumia pampu ya kamba. Aina hii ilienea sana Nikaragua, na huku Njombe wapo mafundi waliofundishwa kuitengeneza kupitia shirika la SHIPO. Ukiwa na fundi wa kuchomelea aliye makini, inatengenezeka kijijini. Kamba iliyounganishwa duara inashuka kisimani, inazunguka chini, kisha inapanda ndani ya bomba la plastiki. Imefungwa wasa, yaani visahani vidogo vinavyokaribia kuziba bomba, kila baada ya mita moja, na kila wasa inabeba maji yaliyo juu yake. Juu kuna gurudumu lenye mpini. Basi.

Wengi huanza na gurudumu kwa sababu ndilo linaloonekana. Mimi nakushauri uanze na bomba. Kadiri kisima kinavyokuwa kirefu, bomba linatakiwa liwe jembamba, kwa sababu anayezungusha mpini anabeba maji yote yaliyomo bombani kwa wakati mmoja. Kwa mita 24, bomba lenye tundu la milimita 20 linabeba kama kilo 7 na nusu. Tundu likiwa la milimita 26, mzigo ni karibu kilo 13. Ukiweka la milimita 38 kwa kutamani maji mengi, unazidi kilo 27, na hapo mama mjamzito au mtoto anayetoka shule hawezi tena kuchota. Sisi tuliweka la 20. Mtu mzima anajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na nusu hivi, bila kuhema.

Wasa ndizo roho ya pampu. Ikibana, mpini unakuwa mzito na bomba linalika. Ikilegea, maji yanarudi chini kabla hayajafika. Pengo kati ya wasa na bomba liwe dogo, chini ya milimita moja. Kipimo changu ni hiki: simamisha kipande cha bomba kikavu, dondosha wasa ndani. Ishuke yenyewe hadi chini bila kukwama. Ikikwama, isugue kwa msasa. Za plastiki zilizomiminwa kwenye kalibu ni bora kuliko za mpira wa tairi, kwa kuwa zinatoka sawa zote na haziliki haraka. Kamba iwe ya nailoni, milimita 5 au 6. Katani inaoza, usiipotezee hela.

Halafu kuna viungo vya bomba, ambavyo mafundi wengi huvipita haraka. Ule upande uliopanuliwa wa kila bomba utazame chini, bomba la chini liingie ndani yake. Ukigeuza, wasa inayopanda inakutana na ukingo wa bomba la juu na kugonga kila mara mpaka kamba ikatike. Kwangua kingo za ndani, na gundi ipake kwa nje ya bomba linaloingia, isije ikaganda ndani kama kidonda.

Chini kabisa panahitaji kizingo cha zege chenye kipande cha chupa au kigae laini pale kamba inapogeukia. Zege tupu litaisaga kamba. Mdomo wa bomba upashe moto uupanue kidogo ili wasa ziingie bila kugonga, na kizingo chote kining'inie kama nusu mita juu ya tope.

Gurudumu sasa ni kazi nyepesi: kata zile pete ngumu za pembeni mwa tairi kuukuu, zikutanishe zifanye mfereji, zifunge kwenye fremu ya nondo. Ila weka kizuizi cha kulizuia lisirudi nyuma. Mtu akiachia mpini bomba likiwa limejaa, maji yanalivuta gurudumu kwa kasi, na mpini unakuwa usawa wa uso wa mtoto. Kwenye hili sikubaliani na fundi yeyote anayesema kizuizi ni cha ziada.

La mwisho ni uhai wa wachimbaji. Unapoongeza kina au kusafisha, usiingize wala usiwashe jenereta au pampu ya petroli ndani ya kisima au mdomoni mwake. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, nayo hutuama humo. Mshumaa kuwaka hakuthibitishi usalama, kwani gesi hiyo haiuzimi. Mtu akianguka chini, asishuke mwingine kumfuata. Ndivyo wanavyokufa wawili, watatu. Anayeshuka afungwe kamba kifuani tangu mwanzo, na juu wawepo watu wa kutosha kumvuta.

Pampu ikishaanza kazi, nailoni itarefuka siku za mwanzo, kwa hiyo ifungue uikaze tena. Funika kisima chote kwa zege, ubakize matundu ya kamba na bomba tu, na maji yanayomwagika yaelekezwe mbali, kwenye migomba. Nunua kamba ya akiba na wasa kumi za ziada siku ileile unaponunua vifaa, maana kamba huwa inakatika kiangazi, wakati foleni ya ndoo ni ndefu.