Mbwa wako anapostaafu

Dada yangu, umeuliza kama ni usaliti kuleta mbwa mpya wakati yule aliyekusikilizia sauti miaka tisa, wewe uliye kiziwi, bado yuko nyumbani. Si usaliti hata kidogo. Mimi pia ni kiziwi, hapa Uingereza, na wangu alipostaafu nililia siku nzima.

Mbwa hawa wanaotusaidia sisi viziwi wamefundishwa kutugusa kwa pua au mguu, kisha kutupeleka sauti inakotoka. King'ora cha moto kikilia, wanalala chini kutuonyesha kuna hatari. Kumvua koti lake la kazi hakumfutii hayo. Wangu aliendelea kunijulisha mlango ukigongwa. Usimkemee. Mshukuru, mbembeleze, na matembezi ya asubuhi yabaki yenu wawili tu. Kama huna nafasi ya mbwa wawili, mwombe kwanza ndugu au jirani anayempenda amchukue yule mstaafu, ili uendelee kumwona.