Tuvunje ukuta tupate ukumbi?

SWALI: Nyumba yetu ya mawe iko Mkomani, Lamu. Vyumba viwili vyembamba vimepakana, kila kimoja upana wa mita 2.5. Fundi ataka kuuvunja ukuta wa kati. Twende naye? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Msiuvunje, mama. Upana ule ndio ambao boriti za mikoko hubeba bila kupinda, na ncha za boriti za vyumba vyote viwili zimelala juu ya ukuta huo. Ukiondoka, dari nzima ya mawe na chokaa hushuka. Tena Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001; pelekeni mpango wenu Makumbusho ya Taifa kabla ya nyundo kuinuka.

Nafasi mnayo juu. Kimo kikifika mita 3.6, wekeni jukwaa la kulala mita 2.1 kutoka sakafuni: mbao za inchi 2 kwa 6, kila sentimita 40, zikikatiza upana wa chumba. Zikalie nguzo za inchi 4 kwa 4, zisichomekwe ukutani, maana mawe ya matumbawe ya kuta hizo humeguka. Chini yake pabaki pa kukaa.

Gongeni kuta polepole pia. Penye mlio wa uwazi huenda pana kidaka (kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu) kilichozibwa, kabati la bure.

Mkipiga lipu, saruji hapana: hufungia unyevu na chumvi, kisha hubanduka vipande vipande. Chokaa 1 kwa mchanga 3 usio wa pwani, tabaka zisizozidi sentimita 1, zinyunyizwe maji siku kadhaa.