Jibu: Damu kwenye choo, ni bawasiri tu?

Pole sana ndugu yangu. Umesema sasa ni wiki ya tano, choo kigumu, damu mbichi inaonekana ukijifuta, na jirani amekwambia ni bawasiri, unywe mitishamba. Huenda ni bawasiri kweli, maana damu yake huwa nyekundu na mara nyingi huonekana mwishoni. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo inaweza kuanza hivyo hivyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Wiki tano ni nyingi. Nenda hospitali wiki hii, na usione aibu daktari akikupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Ni dakika moja tu.

Mwambie pia kama umepungua uzito bila sababu, unachoka ovyo, au kuna mtu wa ukoo wenu aliyeugua saratani hiyo. Ukiona choo cheusi kama lami na humezi vidonge vya madini ya chuma, au tumbo limejaa, unatapika na hata ushuzi hautoki, usingoje kukuche.

Kwa sasa kunywa maji, kula ugali wa dona, maharage na mboga za majani. Dawa za kukufanya uharishe na za kupigwa bomba njia ya haja kubwa achana nazo mpaka upimwe.