Jibu: Kuomba kwa adabu katika Kifini

Ndugu, umeuliza kwa nini sentensi yako "Anna minulle vettä" (nipe maji) ilipokelewa kwa ubaridi, ilhali sarufi yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba "anna" ni amri tupu, na Wafini, ambao hawana neno moja la kutanguliza ombi kama "tafadhali" yetu, huuweka upole ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi -isi-, kinachofanana kwa kiasi fulani na -nge- yetu katika "ungeweza kunisaidia?"

Mgahawani, basi, sema "Saisinko lasin vettä?", yaani, je, ningeweza kupata glasi ya maji? Ukiifumua "saisinko" utapata shina saa-, lililopoteza a moja, kisha -isi-, halafu -n ya nafsi ya kwanza, na mwishoni -ko ya kuuliza. Ukimwomba mtu akutendee jambo, tumia "voisitko" (je, ungeweza), na kwa mtu usiyemfahamu aliyekuzidi umri sana, "voisitteko", umbo la heshima la neno hilohilo. Angalia pia kwamba "annatko" (je, utanipa?) hugeuka kuwa "antaisitko" (je, ungenipa?), kwa kuwa nt ya kitenzi "antaa" (kutoa, kupa), iliyogeuka nn katika "annatko", hurudi mbele ya -isi-. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Hata hivyo, usizidishe. Kumwambia mwuzaji "Kahvi, kiitos" (kahawa, asante) kunatosha kabisa, na kwa marafiki amri iliyolainishwa kwa -pa, kama "annapa" (hebu nipe), haimkeri mtu, mradi sauti iwe ya upole.