Jibu: Watoto watatu "waliopotea" kati ya sensa ya 1851 na 1861

Mkuu, umeuliza walikoenda watoto watatu waliomo kwenye sensa ya Uingereza ya 1851 lakini hawaonekani nyumbani 1861. Usikimbilie kuwazika. Sensa iliandika waliolala nyumba ile usiku mmoja tu. Binti wa miaka 13 huenda alishakuwa mtumishi wa ndani mtaa wa pili, na kaka yake mwanagenzi anayelala kwa fundi wake. Mtafute kila mmoja peke yake, kwa jina na parokia aliyozaliwa. Sensa zote mbili zinaitaja.

Kisha ingia kwenye faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili. Usajili wa vizazi England na Wales ulianza Julai 1837, na faharasa hiyo inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu mwanzo. Hapo ndipo penye utamu: weka ukoo wa baba, ukoo wa mama na wilaya, utawaona hata waliozaliwa na kufa katikati ya sensa. Mfumo unakudai uchague jinsia, na haupanuki zaidi ya miaka miwili huku na huku, kwa hiyo rudia rudia. Ukikuta William wawili, yaelekea wa kwanza alifariki, mdogo wake akarithi jina; wazazi wa zama zile walifanya hivyo sana.

Kabla ya 1875 baadhi ya watoto hawakusajiliwa, basi pekua na vitabu vya ubatizo. Na jaribu tahajia tofauti, makarani waliandika walivyosikia.