Ndege imetua ziwani, mbona ikabinuka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi hotelini hapa Anchorage, Alaska, jirani na Lake Hood, ziwa ambalo ndege za majini hupishana kutwa nzima. Juzijuzi tulikwenda ziwa jingine nje ya mji, nikaona ndege ndogo inashuka. Maji yametulia tuli. Ilipogusa tu, ikabinuka, pua chini, tumbo juu. Waliokuwemo walitoka wazima, alhamdulillahi. Mimi nasema injini ilizimika. Mume wangu anasema maji yalikuwa shwari mno, jambo ambalo halijaniingia akilini. Nani kapatia? Na Jumamosi tumealikwa kupanda ndege ya aina hiyo.
Mama Salma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Injini iondoe kwenye kesi. Ikizimika, rubani bado anaweza kuishusha ndege taratibu majini.

Mumeo hakubahatisha. Maji yakiwa kama kioo, rubani hajui yuko futi ngapi juu yake. Anaweza kuyagonga akidhani bado yuko mbali. Ndiyo maana hushuka karibu na ufukwe, ambako miti humsaidia kukadiria, akiwa ameinua pua kidogo na kuacha injini ivute, anasubiri maji yamfikie.

Ila hujaniambia jambo moja: ilipolala chali, magurudumu yalikuwa nje? Baadhi ya ndege hizo zina magurudumu yanayojikunja ndani ya maboya, ili zitue nchi kavu na majini. Rubani anaruka kutoka uwanjani, anasahau kuyakunja, safari yenyewe fupi, anafika ziwani yakiwa bado chini. Yakigusa maji kwa kasi ile yanakwama papo hapo, na ndege inapinduka. Cha ajabu, akikosea kinyume chake, akatua kwenye lami bila magurudumu, mara nyingi ni kukwaruza maboya tu. Kwa hiyo wameweka taa, buluu ya maji, kijani ya nchi kavu, na marubani makini husema kwa sauti: natua majini, magurudumu juu. Kama yalikuwa nje, mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Kuhusu Jumamosi, pandeni. Muulize rubani kama maboya yake yana magurudumu. Yasiyo nayo yanakuondolea hofu hiyo. Mwambie akuonyeshe mlango unavyofunguliwa, ukajaribu kwa mkono wako. Kwenye ndege aina ya Cessna 206 uwe mkali zaidi, maana flapu, yaani vibawa vya ukingo wa nyuma wa mabawa, zikiwa zimeshushwa huuzuia mlango wa nyuma usifunguke vizuri. Ikitokea mmepinduka, shika kwanza kitu karibu na mlango, ndipo ufungue mkanda. Ukifungua kabla, gizani na kichwa chini hutajua upande wa kutokea. Jaketi okozi usilijaze upepo ukiwa ndani, litakubana kwenye sakafu iliyogeuka dari. Na wakikuambia liko chini ya kiti, waombe ulivae kabla hamjaondoka.